Safari ya darasa kwenda Makumbusho ya Lamu: tukishaingia mle ndani, tufanye nini?

MwalimuWaBara

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mimi hufundisha Gredi ya 6 katika shule ya msingi iliyo upande wa bara, si mbali na mji mdogo wa Hindi, na muhula ujao nimepewa jukumu la kuwavusha wanafunzi 54 hadi mjini Lamu ili wazuru makumbusho. Habari za nauli, chakula na ruhusa za wazazi zinaendelea vizuri, kwa hiyo sitawachosha nazo. Linalonikosesha usingizi ni jambo jingine: tukishaingia mle ndani, tufanye nini?

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyotupata mwaka jana katika safari nyingine, kwenye nyumba ya makumbusho ambayo sitaitaja na ambayo haiko Lamu. Tulipokewa na kijana mchangamfu aliyetupitisha vyumba vyote kwa muda usiozidi dakika 40, huku watoto wameinamia karatasi za maswali walizochapishiwa na shule, wakinakili maneno ya vibao neno kwa neno bila kuinua macho kukitazama kile kilichokuwa kikielezwa. Tulipofika penye picha za watu walioshika pinde, kijana yule aligeuka akauliza, kwa nia njema kabisa, kama miongoni mwetu yumo mtoto wa jamii ile. Vidole vyote vilimwelekea mwanafunzi wangu mmoja wa jamii ya Aweer, ambao wengi bado huwaita Waboni. Hakuna aliyemtukana. Hata hivyo mtoto yule alitazama viatu vyake tangu hapo hadi tulipopanda basi, na kesho yake hakuja shuleni.

Darasa la safari hii limechanganyika zaidi. Nina Wabajuni, nina watoto ambao babu zao walikuja Mpeketoni kwa mpango wa kugawiwa mashamba miaka ya 1970, nina Wagiriama, Waorma, na Waaweer watatu. Najua kwamba Makumbusho ya Lamu yana vyombo na mapambo ya Waswahili wa visiwani, na pia yana sehemu inayohusu watu wa bara kama Waorma, Wapokomo na Waaweer. Nachelea nusu ya darasa wajione wenyeji na nusu nyingine wajione vitu vya kutazamwa.

Naomba kwa waliowahi kuongoza au kusindikiza vikundi waniambie: kwa saa tatu au nne tutakazokuwa mjini, niwaonyeshe vitu vingi au vichache? Niwagawe vipi? Na karatasi ya maswali niiache? Mwalimu mkuu anataka yenye maswali 40, iwe ushahidi kwamba hatukwenda kutembea tu.

---

BintiMkomani

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Niliongoza vikundi vya shule hapa mjini kwa miaka kadhaa kabla sijarudi kwenye cherehani yangu, na nitakueleza niliyoyaona kwa macho.

Jambo la kwanza ni idadi. Watoto 54 hawaingii pamoja katika nyumba yoyote ya Lamu wakasikia kitu. Jengo la makumbusho lililo ukingoni mwa bahari lina nafasi kiasi, lakini ile Nyumba ya Waswahili iliyohifadhiwa kama ilivyokuwa karne ya 18 ni nyumba ya watu kuishi, haikujengwa kwa ajili ya misafara. Wagawe makundi matatu ya watoto 18, kila kundi na mtu mzima wake, moja lianzie makumbusho, moja Ngomeni (yaani Ngome ya Lamu), moja kwenye Nyumba ya Waswahili, kisha wapokezane. Andika barua mapema, wiki kadhaa kabla, umwombe afisa wa elimu wa makumbusho akupangie zamu hizo, na katika barua hiyo hiyo eleza jamii za watoto wako na lile lililotokea mwaka jana. Waongozaji wengi hukosea kwa kutojua tu ni nani aliye mbele yao.

Kuhusu vingi au vichache, mimi niko upande wa vichache, na nitakuonyesha kwa nini kwa kitu kimoja tu, nacho ni siwa, lile baragumu kubwa la sherehe. Hakikisha kwanza kwamba ipo wazi siku mtakayokwenda. Lamu ilikuwa na siwa ya shaba na Pate ikawa na ya pembe za ndovu, yenye urefu unaomshinda mtu mzima. Mwongozaji asiye na muda atasema, "Hii ni siwa, ilipulizwa kwenye harusi na sherehe za wakubwa, twendeni." Watoto watasema ndiyo na kuondoka. Mimi nilikuwa nikiwaketisha sakafuni na kuwauliza swali moja: ukipewa siwa hii uipulize, mdomo utauweka wapi? Wote huonyesha ncha nyembamba, kwa sababu ndivyo tarumbeta na zumari zinavyopulizwa. Basi nawaambia watafute tundu. Huzunguka kabati, huchuchumaa, huchungulia, hadi mmoja anapiga kelele kwamba tundu liko ubavuni. Kuanzia hapo hakuna anayetaka kuondoka. Wanataka kujua kwa nini iko hivyo, nani aliishika upande wa pili kwa uzito ule, nani aliruhusiwa kuipuliza na nani alikatazwa, na ukifika hapo unaweza kuwaeleza kwamba siwa ilikuwa alama ya mamlaka ya mji, na kwamba haikuwa kila bwana harusi aliyepuliziwa siwa.

Sasa njoo kwenye lile linalokutia hofu. Uliza swali la pili: pembe hii ilitoka wapi? Kisiwani hakuna ndovu. Pembe zilitoka bara, na waliojua kumfuata ndovu msituni walikuwa wawindaji wa bara, miongoni mwao mababu wa hao watoto wako watatu. Pembe ikashuka pwani kwa biashara, fundi akaichonga, mji ukapata siwa yake. Ukiieleza hivyo, mtoto wa Aweer hasubiri hadi chumba cha mwisho chenye picha ya upinde ndipo atajwe, kwa kuwa yumo katika habari ya kitu kinachoheshimiwa kuliko vyote mle ndani. Na huhitaji kumnyooshea kidole. Uliza swali, kisha nyamaza.

Ndani ya Nyumba ya Waswahili fanya vivyo hivyo. Vyumba ni virefu na vyembamba, na watoto huuliza kwa nini matajiri walijibana namna ile. Waambie wainue macho watazame dari. Upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko inayoweza kubeba sakafu ya mawe na chokaa bila kupinda, na boriti hizo ni kazi ya wakata mikoko, wengi wao Wabajuni. Hapo watoto wako wa Kibajuni watakuwa na la kusema. Mawe yenyewe ni ya matumbawe, na hadi leo watu huchonga mawe ya kujengea Maweni, kisiwani Manda. Zidaka zilizonakshiwa ukutani ziliwekwa vyombo vya kaure vya kutoka China. Chooni waonyeshe birika la maji, uwaeleze kwamba watu walifuga visamaki humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Sijawahi kuona darasa lisilocheka hapo, wala lililosahau.

Karatasi ya maswali 40 iache shuleni. Mpe kila mtoto karatasi tupu na penseli, achague kitu kimoja akichore kwa dakika 15, aandike chini yake kimetengenezwa kwa nini na kimepita mikononi mwa nani. Michoro 54 ni ushahidi tosha kwa mwalimu mkuu, tena inabandikika ukutani.

---

Mzee wa Langoni

Mwanangu Mwalimu, na wewe Binti, nimewasoma kwa makini na Binti amesema mengi ya maana, lakini hili la vichache silikubali moja kwa moja.

Mtoto wa mjini anayepita mbele ya makumbusho kila akienda sokoni, huyo mwonyeshe siwa leo, mtepe (ile mashua ya mbao zilizoshonwa kwa kamba) kesho, kiti cha enzi mwezi ujao. Mtoto wa Hindi, ambaye mzazi wake amejinyima ili apate nauli, huenda asirudi tena kabla hajawa mtu mzima. Ukimketisha sakafuni mbele ya pembe moja kwa nusu saa, umemnyima mangapi? Mimi naona apewe nafasi ya kuzunguka kila chumba kwanza, kwa miguu yake na macho yake, bila maneno ya mtu, ndipo mrudi kukaa penye kile mlichokichagua. Akili ya mtoto huchagua yenyewe cha kuibeba.

Jambo la pili ni majina. Vitu vingi mle ndani vina majina ambayo hata watoto wa hapa Langoni hawayajui tena. Nilimpeleka mjukuu wangu, akasimama mbele ya mbuzi ya kukunia nazi, yenye ulimi wake wa chuma, akanitafsiria maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye kibao kana kwamba ananifundisha. Nyumbani kwao kuna mashine ya kukunia. Kifumbu cha kukamulia tui hakukijua kabisa, alidhani ni soksi ya kusukwa. Sasa mtoto wa Kigiriama aliyeko darasani mwako huenda nyumbani kwao mbuzi ipo na nyanya yake huikalia kila jioni. Huyo ndiye mwalimu wa wenzake siku hiyo, kumshinda mjukuu wangu Mwamu, mtoto wa Lamu. Kwa hiyo kabla ya safari wape kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize mtu mzima kwao jina na kazi ya chombo kimoja kisichotumika sana siku hizi, na kama kinabebeka aje nacho darasani. Mtakapofika makumbusho watakuwa wanakutana na vitu wanavyovijua.

Ngome nayo msiipite mbio. Ilianza kujengwa 1813, muda mfupi baada ya vita vya Shela ambapo Waamu waliwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa, ikamalizika 1821 kwa msaada wa Sultani wa Omani. Hayo yameandikwa. Yasiyosemwa sana ni kwamba sisi watu wa rika langu tuliijua kama jela, kwa kuwa ilikuwa gereza tangu wakati wa mkoloni hadi 1984. Utotoni tulikatiza uwanjani chini ya miti ya mikungu tukipunguza sauti, na tuliwaona wafungwa wakitolewa asubuhi kwenda kazini. Leo watoto hukimbilia juu ya kuta kutazama mapaa, na sioni ubaya, ila waelezwe kwamba ukuta ule ule umewahi kulinda mji na kufunga watu. Mkipata mzee wa hapa akae nao pale ndani kwa nusu saa, atawaambia mambo ambayo hayapo kwenye kibao chochote. Mimi mwenyewe niko tayari, kama miguu itanikubalia siku hiyo.

Ile Posta ya Wajerumani ya njia kuu ni chumba kidogo. Kama posta ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891, na dakika kumi zinaitosha.

---

BintiMkomani

Mzee, shikamoo. Hilo la kuzunguka kwanza kwa uhuru nalipokea, na pengine ningelifanya ningekuwa na saa nzima kwa kila kundi. Kikwazo ni kwamba watoto 18 wakizunguka bila swali lolote kichwani huishia kwenye mifano ya majahazi, kwa sababu inapendeza, na kusukumana hapo hadi muda unakwisha. Labda tupatane hivi: dakika kumi za kuzunguka, lakini kila mtoto awe anatafuta kitu kimoja alichoulizia nyumbani kwao. Kazi yako ya nyumbani, Mzee, ni bora kuliko karatasi yangu tupu. Zifanywe zote mbili.

---

Mwalimu_Gede

Mwalimu mwenzangu, nakuandikia kutoka upande wa Malindi, ambako shule zetu huzuru magofu ya Gede na majumba ya makumbusho ya mjini. Nina jambo moja tu la kuongeza, nalo linahusu wakati wa kitenzi.

Baada ya safari zetu nyingi nimegundua kwamba vibao na waongozaji huzungumzia Waswahili na Waportugali kwa tarehe: mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, karne ya 17 mji wa Gede ulihamwa. Zikija zamu za Wamijikenda, Waorma au Waaweer, tarehe hutoweka na kitenzi hubadilika kuwa "walikuwa wakivaa", "walikuwa wakiwinda", "waliamini". Mtoto wa jamii hiyo amesimama pale, yu hai, amevaa sare ya shule, anasikia habari zake zikisemwa kama za watu waliokwisha. Nadhani hilo ndilo lililomwinamisha mwanafunzi wako, hata zaidi ya vile vidole. Kwa hiyo katika maandalizi yangu mimi huwafundisha watoto kumuuliza mwongozaji kwa adabu: "Hiyo ilikuwa lini?" na "Siku hizi je?" Maswali hayo mawili mafupi yamebadilisha ziara nzima. Waaweer, kwa mfano, waliishi kwa kuwinda na kurina asali, na uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Hiyo ni tarehe, ina sababu na ina matokeo, na watu walioathirika nayo wangali wapo. Mtoto akiisikia hivyo anaelewa kwamba wazazi wake wamo katika historia sawa na sultani yeyote.

Kwa kuwa una Wagiriama darasani, ambao ni miongoni mwa Wamijikenda, nikueleze pia tunavyofundisha habari za vigango, kwa sababu ni somo ambalo watoto wa umri huo hulielewa kuliko tunavyodhani. Kigango ni mti uliochongwa na kusimamishwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, na haukukusudiwa kung'olewa wala kuhamishwa. Vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, na vikaishia katika majumba ya makumbusho na nyumba za watu binafsi, hasa Marekani. Mimi huwasimulia watoto kisa kimoja. Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa anthropolojia alimpiga picha mzee wa boma moja la Kimijikenda akiwa na vigango viwili vya ndugu zake, na muda mfupi baadaye vyote viwili vikaibwa. Miaka mingi ikapita. Kimoja kikaja kuonekana katika Illinois State Museum na kingine katika makumbusho ya Hampton University, na ile picha ikawa ushahidi kwamba ndivyo vyenyewe. Vilirudishwa kwa wenyewe mwaka 2007. Baadaye, mwaka 2019, Denver Museum of Nature & Science ilirudisha Kenya vigango 30.

Watoto wakishasikia kisa hicho hawaingii tena makumbusho wakidhani vitu vilijileta. Wanauliza, kila penye kabati: hiki kililetwa na nani, na mwenyewe aliridhia? Ni swali zito, na mwongozaji mwingine hukereka nalo, lakini mimi sijaona swali bora kwa mtoto wa miaka 12. Tahadhari yangu ni moja: mkikuta kigango mahali popote, msiwaruhusu watoto kupigana picha wakikiegemea. Kwa mtoto wa Kigiriama hilo ni sawa na kuona mtu amekalia kaburi la babu yake.

---

Nahodha wa Mokowe

Nimesoma yote na mimi si mwalimu, kwa hiyo nitasema la maji tu. Mwalimu, tazama kalenda ya mwezi kabla hujachagua siku. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana, maji yakitoka, ngazi za jeti huwa juu na zenye utelezi, na kuwapandisha watoto 54 mmoja mmoja kutakula muda wenu wote wa kuangalia siwa. Chagua siku ambayo maji yatakuwa yamejaa mnapofika na mnapoondoka, au siku za maji mafu ambapo tofauti ni ndogo. Msikubali kujazwa mashua moja hata mkiambiwa inabeba. Hesabuni jaketi za kuokolea kabla ya mtoto yeyote kukanyaga mashua, na kila jaketi lifungwe, lisivaliwe kama koti la harusi. Na kama kuna aliyekushauri muongeze magofu ya Takwa, kisiwani Manda, siku hiyo hiyo, mkatalie. Takwa huingiwa kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na bila maji kujaa mtakwama kwenye tope mkihesabu kaa.

---

MwalimuWaBara

Shukrani kwenu nyote, na Mzee wa Langoni, shikamoo kutoka bara. Nimempelekea mwalimu mkuu mapendekezo yenu. Amekubali michoro badala ya maswali 40, kwa sharti kwamba kila mtoto aandike aya moja atakaporudi. Hilo ni haki yake. Nitawajulisha tulivyokwenda.

---

MwalimuWaBara

Nimerudi, kama nilivyoahidi, na nitaeleza yaliyokwenda vizuri na yaliyoharibika.

Yaliyoharibika kwanza. Zamu zetu ziligongana, kwa sababu kundi la Ngomeni lilikawia sana kwa Mzee (ambaye miguu ilimkubalia, na ambaye watoto hawakutaka kumwachilia baada ya habari za wafungwa), hivyo kundi la tatu liliiona Nyumba ya Waswahili kwa dakika 20 tu na hawakufika chooni kwenye birika. Wamenilaumu njia nzima, kwani wenzao waliwasimulia habari za visamaki. Kazi ya nyumbani nayo ilileta mtihani nisioutarajia: watoto kadhaa wa Mpeketoni walikuja na majina ya vyombo vya Kikikuyu, wakavitafuta mle ndani na hawakuviona, na mmoja akaniuliza kwa nini watu wao hawamo ilhali wamekaa Lamu tangu babu yake akiwa kijana. Nilimwambia aandike swali hilo kwenye aya yake. Sikuwa na jibu la papo hapo, ila afisa aliyetupokea alilisikia na kuliandika kwenye daftari lake.

Sasa siwa. Niliwaketisha sakafuni kama Binti alivyofundisha, nikauliza mdomo unawekwa wapi, na wote, bila kubakia hata mmoja, wakaonyesha ncha. Walipoliona tundu la ubavuni zogo likawa kubwa hadi mlinzi akaja kutazama. Nilipouliza pembe ilitoka wapi, kimya kikapita kidogo. Kisha msichana mmoja wa Aweer, ambaye mwaka mzima hajainua mkono darasani, alisema kwa sauti ya chini kwamba ndovu hafuatwi kutoka nyuma tu, lazima ujue upepo unavuma kuelekea wapi, na kwamba babu yake ndiye aliyemwambia. Mvulana aliyekuwa kando yake akamuuliza upepo unajulikanaje msituni. Akainama, akachota vumbi la kuwaziwa kwa vidole vitatu, akaliachia lianguke polepole mbele ya lile kabati, na watoto 17 wakalifuata kwa macho vumbi lisilokuwapo hadi likafika sakafuni.

Alichagua kuchora tundu la siwa. Hakuichora siwa nzima, ila tundu lenyewe, limejaza karatasi yote.

Mvulana aliyekuwa ameapa kwamba siwa hupulizwa nchani aliweka dau la mabuyu na mwenzake kabla hatujavuka. Amelipa nusu. Nusu nyingine anadai inasubiri hadi atakapoisikia siwa yenyewe ikilia, na darasa zima limegawanyika kuhusu hukumu hiyo.